Maswali ya Wasomaji: Misimu 14 ya Ukame Buffalo

Katika toleo lililopita niligusia, kwa mistari michache tu, kwamba Buffalo Sabres, timu ya mpira wa magongo wa barafuni ya mji ninaoishi, ilimaliza msimu wa 2024–25 bila kuingia hatua ya mtoano, na kwamba huo ulikuwa msimu wake wa 14 mfululizo wa kukosa. Sikutegemea kwamba mistari hiyo ingeleta barua nyingi kuliko makala yenyewe. Wako walioandika kwa nia ya kujua, wako walioandika kwa nia ya kunicheka, na wote nawashukuru. Kwa wapenzi wa magongo ya nyasini, hasa wale wa City Park, Nairobi, ambao wamelalamika kwamba nimelitumia vibaya jina la mchezo wao, naomba radhi. Mchezo ninaouzungumzia ni wa watu sita kila upande, golikipa akiwemo, wanaoteleza juu ya barafu kwa viatu vyenye makali ya chuma, wakigombea kisahani cheusi cha mpira mgumu.

Swali: *Shikamoo mzee. Huku kwetu timu ikiboronga hata misimu miwili inashuka daraja na watu wanaisahau. Hiyo ya kwenu miaka 14 bado ipo ligi kuu inafanya nini? (Msomaji wa Temeke, Dar es Salaam)*

Jibu: Marahaba. Inabaki kwa sababu hakuna daraja la kushukia. Ligi ya NHL, inayojumuisha Marekani na Kanada, ni kama chama cha wenye mali. Timu zake, ambazo sasa ni 32, hubaki humo mwaka nenda mwaka rudi, ziwe zimeshinda au zimeshindwa, na mwenye timu hana hofu ya kuamka siku moja akajikuta anacheza na vilabu vya wilaya. Kila timu hucheza mechi zake za msimu mzima, kisha timu 16 huingia mtoano kuwania Kombe la Stanley. Zingatia hesabu hiyo, maana ndiyo kiini cha aibu yetu: nusu ya ligi hupita. Kukosa mara moja ni jambo la kawaida, lakini ili ukose mara 14 mfululizo katika ligi inayopitisha nusu ya watahiniwa, lazima uwe umefanya juhudi.

Kabla yetu, rekodi ya kukosa ilikuwa misimu 10, na walioishikilia kwa pamoja ni Florida Panthers na Edmonton Oilers. Sabres waliivunja mwaka 2022. Wenzetu hao wawili wamejikwamua kiasi kwamba ndio waliokutana katika fainali ya 2024 na tena katika ile ya 2025. Jingine linalonichoma zaidi ni kwamba tulipocheza mtoano kwa mara ya mwisho kabla ya ukame huu, mwaka 2011, tukatolewa na Philadelphia Flyers katika mechi ya saba ya raundi ya kwanza, ligi ilikuwa na timu 30. Vegas iliingia mwaka 2017 na Seattle mwaka 2021. Zote mbili zimekwisha kucheza mtoano, na Vegas imelibeba kombe lenyewe. Watoto waliozaliwa baada ya sisi kuanza kuugua wameshaoa.

Kuna sababu nyingine ya timu mbovu kustarehe, nayo ni kwamba ligi huwafariji wanaoshindwa. Kila kiangazi timu huchagua chipukizi kwa zamu, na zilizofanya vibaya zaidi ndizo zinazotangulizwa, kwa msaada wa bahati nasibu. Msimu wa 2014–15, wakati kila mtu alipojua kwamba kijana wa Kanada aitwaye Connor McDavid angechaguliwa wa kwanza mwaka huo, uongozi wa Sabres uliunda kikosi ambacho hakingeweza kushinda, nacho kikamaliza mkiani kwa pointi 54. Tarehe 26 Machi 2015 tulicheza nyumbani na Arizona Coyotes, waliokuwa wakikaribiana nasi kule chini. Arizona walipofunga bao la ushindi katika muda wa nyongeza, sehemu kubwa ya mashabiki wetu ilishangilia. Wachezaji wetu walisimama kwenye barafu yao wenyewe wakisikia watu wao wanafurahia kipigo chao. Baadaye bahati nasibu ikampeleka McDavid Edmonton, nasi tukapata wa pili, Jack Eichel, mchezaji hodari sana. Wapo wanaosema kosa letu lilikuwa kukosa bahati siku ile. Mimi nasema kosa lilikwisha kutendeka mwezi Machi, maana huwezi kumfundisha kijana wa miaka 19 kwamba kushindwa ni mbinu, kisha ukamtaka mwaka wa tatu achukie kushindwa.

Swali: *Naona unawalaumu viongozi, lakini je, si bahati mbaya tu? Pengine wachezaji wazuri hawakuwahi kufika hapo. (Msomaji wa Lang'ata, Nairobi)*

Jibu: Ningefarijika sana kama ingekuwa hivyo. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, lakini Buffalo mchezaji hutunzwa akishaondoka. Ryan O'Reilly aliuzwa St. Louis mwezi Julai 2018, miezi michache baada ya kukiri hadharani kwamba kushindwa kulikuwa kumemwondolea mapenzi ya mchezo wenyewe. Mwaka uliofuata St. Louis wakatwaa kombe, naye akachaguliwa mchezaji bora wa mtoano mzima. Eichel aliumia diski ya shingo, akavutana na klabu kuhusu aina ya upasuaji, akapelekwa Vegas mwezi Novemba 2021. Mwaka 2023 alinyanyua kombe akiwa ndiye aliyekusanya pointi nyingi (yaani mabao na pasi za mabao) kuliko mchezaji yeyote wa mtoano ule. Golikipa Linus Ullmark mkataba wake uliisha mwaka 2021, akaenda Boston, na mwaka 2023 akapewa tuzo ya golikipa bora wa ligi.

Wa Florida ndio wanaoumiza zaidi. Sam Reinhart, tuliyemchagua wa pili mwaka 2014, alipelekwa huko mwaka 2021. Msimu wa 2023–24 alifunga mabao 57, kisha katika mechi ya saba ya fainali, tarehe 24 Juni 2024, ndiye aliyefunga bao lililoamua ubingwa. Kikosi hicho hicho kilikuwa na beki Brandon Montour, naye wetu wa zamani, na Kyle Okposo, ambaye hadi mwezi Machi wa mwaka huo alikuwa nahodha wetu. Mwezi Juni 2025 Florida walitwaa kombe kwa mara ya pili mfululizo, na katika mechi ya kufungia kazi Reinhart alifunga mabao manne peke yake. Nilizima televisheni kabla ya sherehe, nikaenda kumwagilia sukumawiki.

Kwa hiyo, ndugu yangu, wachezaji walikuwepo. Ukikusanya waliopita Buffalo tangu 2015 wakaondoka, utapata timu inayoweza kushindana na yeyote. Kilichokosekana ni watu wa kuwapangia kazi, kuwapatia wenzao wa kuwasaidia, na kuwavumilia mpaka wakomae. Mmoja akifanikiwa ugenini ni bahati yake, ila wakifanikiwa watano inabidi tuitazame nyumba walikotoka.

Swali: *Hivi katika mchezo huo kuna mtu mweusi hata mmoja? Na Kenya je, barafu iko wapi? (Msomaji wa Kisumu)*

Jibu: Barafu iko katika hoteli ya Panari, barabara ya Mombasa, Nairobi, ambako kiwanja kilifunguliwa mwaka 2005 na ambako timu ya Kenya Ice Lions ilizaliwa. Ama kuhusu swali la kwanza, Okposo niliyemtaja hapo juu baba yake ni Mnaijeria. Val James, Mmarekani mweusi wa kwanza mzaliwa wa Marekani kucheza NHL, aliingia barafuni kwa mara ya kwanza akiwa na jezi ya Sabres, msimu wa 1981–82. Katika hilo angalau sisi tulitangulia.

Swali: *Mzee, mimi niko Toronto na sina haki ya kumcheka mtu, kwa kuwa Maple Leafs hawajabeba kombe tangu 1967. Lakini sisi mtoano tumekuwa tukiingia. Kwa maoni yako, mwenye kosa hasa ni nani: makocha, mameneja, au tajiri mwenyewe? (Msomaji wa Scarborough, Toronto)*

Jibu: Nashukuru kwa huruma ya jirani, ingawa naona umeifunga na kijembe ndani yake.

Tajiri, Terry Pegula, aliinunua timu mwezi Februari 2011 baada ya kutajirika kwa gesi asilia. Siku ya kutambulishwa alilia alipomwona Gilbert Perreault, gwiji wa kikosi cha miaka ya 1970, akiwa ameketi mbele yake, kisha akatamka kwamba kuanzia siku hiyo sababu ya timu kuwepo ni kutwaa Kombe la Stanley. Sisi mashabiki tulilia pamoja naye, na mimi sijutii machozi yale, kwa sababu naamini alisema kweli. Hakuwa bahili wala hakuwa mgeni asiyejali. Ni shabiki kama sisi, na huenda hapo ndipo shida ilipoanzia, kwa kuwa shabiki hutaka mambo yabadilike leo jioni.

Hebu tazama. Tangu ukame uanze hadi katikati ya mwaka 2025 tulikuwa na mameneja wakuu wanne: Darcy Regier, Tim Murray, Jason Botterill na Kevyn Adams. Makocha ni saba: Lindy Ruff, Ron Rolston, Ted Nolan, Dan Bylsma, Phil Housley, Ralph Krueger na Don Granato, halafu mwaka 2024 tukamrudia Ruff yule yule tuliyemfukuza mwaka 2013. Wahenga walionya kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama, nao walikuwa na maana ya manahodha wanaogombea usukani kwa wakati mmoja. Sisi tumegundua kwamba hata wakipokezana mmoja mmoja chombo huenda mrama vilevile, ikiwa kila anayepanda huanza kwa kutupa baharini shehena ya aliyemtangulia. Murray alibomoa alichoacha Regier, kisha Botterill akamuuza O'Reilly, ambaye Murray alimnunua kwa gharama kubwa. Mwezi Juni 2020 Botterill alifukuzwa pamoja na wengi wa wasaka vipaji, na Adams, ambaye hakuwahi kuwa meneja mkuu popote, akaachiwa ofisi iliyokuwa karibu tupu. Msimu uliofuata tulikwenda mechi 18 bila ushindi, na kibarua cha Krueger kikaota nyasi katikati ya mfululizo huo.

Mtu mmoja tu ndiye hajabadilishwa, naye ndiye anayewaajiri wengine wote. Simwambii auze timu, na hao wanaomwombea auze nawauliza kama wana uhakika kwamba mnunuzi hataihamishia mji mwingine. Ninachokidai kwake ni kitu ambacho alikwisha kukifanya mtaa wa pili. Familia yake ndiyo inayomiliki pia Buffalo Bills, timu ya mpira wa Kimarekani, waliyoinunua mwaka 2014 ikiwa nayo katika ukame wake, uliodumu misimu 17. Mwaka 2017 waliajiri kocha Sean McDermott na meneja mkuu Brandon Beane, wakawaachia kazi, nao ukame ukaisha mwaka huo huo. Wote wawili walikaa pamoja hadi msimu wa 2025, na Bills wakawa timu ya kuogopwa. Fedha ni zile zile na theluji ni ile ile. Basi asituambie mtu kwamba mji ndio wenye mkosi.

Nalisema hili kwa sababu mwezi Desemba 2024, timu ikiwa katikati ya mechi 13 bila ushindi, Adams alieleza kwamba ni vigumu kuwavuta wachezaji kuja Buffalo, kwani hatuna minazi na kodi za New York ni kubwa. Haikuchukua siku nyingi mashabiki wakaanza kuja uwanjani na minazi ya plastiki. Mimi ni mtu wa Mombasa. Niliiacha minazi ya kweli, iliyokuwa ikidondosha madafu nyuma ya nyumba ya bibi yangu, nikaja kuishi hapa kwa hiari yangu, na kwa hiyo sikulipokea neno lile kwa utulivu. Winnipeg ni baridi kuliko Buffalo kwa mbali, wala haina mnazi hata mmoja, na msimu huo huo ndiyo timu iliyoongoza ligi nzima kwa pointi.

Swali: *Assalamu alaikum. Umetaja mara nyingi neno uvumilivu. Nasi tumefundishwa kwamba subira yavuta heri. Lakini miaka 14 si subira ya kutosha? Unataka wavumilie nini tena? (Msomaji wa Muscat, Oman)*

Jibu: Waalaikum salaam. Umenibana pazuri. Kuna subira ya mkulima na kuna subira ya mtu aliyekaa kituoni akisubiri basi lililofutwa. Mkulima anaposubiri, anapalilia.

Msimu wa 2022–23 Sabres walikuwa wameanza kuota. Tage Thompson, aliyekuja katika mauzo yale ya O'Reilly, alifunga mabao 47. Rasmus Dahlin, tuliyemchagua wa kwanza mwaka 2018, alikuwa amekuwa beki wa kutisha. Tulimaliza na pointi 91, tukaukosa mtoano kwa pointi moja tu. Timu iliyotuzidi kwa pointi hiyo moja ilikuwa Florida, nayo ikaenda moja kwa moja hadi fainali. Kiangazi kile ndicho kilichokuwa cha kupalilia. Kikosi kilikuwa kichanga mno, na kilihitaji wakongwe wawili watatu waliokwisha kupita kwenye mtoano, watu wa kumwambia kijana, katika dakika kumi za mwisho timu ikiongoza kwa bao moja, kwamba sasa si wakati wa madoido, rudi nyuma ulinde. Kilihitaji pia golikipa aliyekomaa, kwani tulikuwa tumemtegemea kijana wa chuo, Devon Levi, aliyecheza mechi saba tu za ligi. Uongozi haukufanya la maana, ukaamini kwamba vijana watakua wenyewe. Msimu uliofuata pointi zikashuka hadi 84, na ule wa 2024–25 zikawa 79.

Hiyo ndiyo subira niipingayo. Kuwavumilia watu kuna maana pale tu unapowasaidia. Kufukuza kila baada ya miaka miwili ni kosa, na kukaa kimya wakati timu inahitaji msaada ni kosa jingine, na sisi tumeyafanya yote mawili kwa zamu. Mwezi Juni 2025 tulimpeleka JJ Peterka, mshambuliaji aliyekuwa na miaka 23, kule Utah, tukapokea beki Michael Kesselring na mshambuliaji Josh Doan. Marafiki zangu walikasirika. Mimi sikukasirika sana, kwa kuwa Peterka mwenyewe hakuwa na hamu ya kubaki na tulikuwa na upungufu wa mabeki wenye miili, lakini nakiri kwamba jina lake nimeliandika pembeni, chini ya la Reinhart, ili nione miaka mitatu ijayo.

Swali: *Mimi ni mama niliyetoka Bukavu, tunaishi hapa Buffalo, West Side, mwaka wa tisa sasa. Wanangu wawili wa kiume wanaipenda hii timu kuliko chakula, na wakati wa baridi kila jioni ni huzuni ndani ya nyumba. Mkubwa anataka nimnunulie jezi ya Dahlin. Nimkataze? Na wewe mwenyewe, baba, ni nini kinakuweka hapo? (Msomaji wa Buffalo)*

Jibu: Usimkataze, mama. Katika mtaa wako Kiswahili kinasikika kila kona, kwa Wakongo, Warundi na Wasomali Wabantu, na mtoto anayekwenda shuleni na jezi ya Sabres huwa na la kuzungumza na yeyote, awe mwana wa mjumbe wa jiji au wa aliyeshuka ndege wiki jana. Malalamiko ya timu hii ndiyo lugha ya pili ya mji.

Mimi nilifika mwaka 1998, wakati golini akisimama Dominik Hašek, Mcheki mwembamba aliyelala chali, akatupa gongo, akazuia kwa kiwiko na mara nyingine kwa kichwa, na ambaye hadi leo ndiye golikipa pekee aliyeshinda mara mbili tuzo ya mchezaji mwenye thamani kubwa kuliko wote katika ligi. Sikuzijua kanuni, ila nilimwelewa yeye. Mwezi Juni 1999 tulifika fainali na Dallas Stars. Mechi ya sita iliendelea hadi kipindi cha tatu cha nyongeza, saa saba na nusu za usiku zikiwa zimepita, na Brett Hull akafunga bao la ubingwa huku mguu wake mmoja ukiwa ndani ya eneo la golikipa, jambo ambalo mwaka ule sheria ililikataza. Ligi ilieleza kwamba alikuwa bado anakimiliki kisahani, kwa hiyo bao ni halali. Hapa Buffalo hutampata mtu wa rika langu anayekubali. Kocha wetu usiku ule alikuwa Lindy Ruff, huyu huyu tuliyemrudia mwaka 2024, mvi zikiwa hazijamwota. Nadhani ndilo linaloniweka: nilikuwepo, na nataka kuwepo tena litakapotokea jingine.

Kuhusu jezi, nunua ya Dahlin bila hofu. Ndiye nahodha, na mkataba wake mrefu unampeleka hadi mwaka 2032, kwa hiyo kijana atakua kabla jina halijapitwa. Kama unataka kuwapeleka uwanjani, usiwapeleke mechi ya Toronto, ambayo tiketi zake huwa ghali kwa sababu mashabiki wao huvuka mpaka kwa wingi. Chagua siku ya Jumanne au Jumatano mwezi Novemba, na timu isiyo na jina kubwa. Wavalishe masweta chini ya jezi, kwani ndani nako kuna baridi, na mwambie yule mdogo akae upande ambao golikipa wetu atautumia mara mbili, ili amwone kwa karibu kipindi cha kwanza na cha tatu.